Somo la 9: Lazaro Mlangoni pa Tajiri

SABATO ALASIRI

Soma kwa Ajili ya Funzo la Juma Hili: Luka 16:19-31, Ayubu 29:11-17, Mithali 13:23, Law. 19:9, 10, Kumb. 15:1-11, Mdo 4:32-35, 6:1-7, Isaya 58.

Fungu la Kukariri: Ayubu 29:16.

Kwa watu wengi wa Afrika Mashariki, Marekani ni nchi ya shibe. Kijana akipata nafasi ya kwenda huko, majirani huhesabu kwamba shida za nyumba yao zimekwisha. Kwa hiyo wakisikia kwamba huko nako wako watu wanaolala njaa, na wengine wanaolala barabarani, husema habari hiyo imetiwa chumvi. Hata miongoni mwa Wamarekani wenyewe wako wasiosadiki. Husema kwamba katika nchi yenye chakula kingi namna ile hakuna mwenye njaa ya kweli, na kwamba anayelala nje amependa mwenyewe.

Mjadala huu unaweza kuonekana kuwa ni wa wanasiasa na wachumi peke yao. Lakini Yesu alisimulia habari za mtu mwenye njaa aliyelazwa mlangoni pa nyumba iliyokuwa na karamu kila siku. Je, mwenye haki hufanya nini anapoambiwa kwamba kuna mwenye njaa mahali ambapo hakutazamia kumkuta?

Jifunze somo la juma hili kwa maandalizi ya Sabato ijayo.

JUMAPILI
Alimjua kwa Jina

Soma Luka 16:19-31. Je, tajiri huyu alimtendea Lazaro ubaya gani?

Mfano huu haukutolewa ili kufundisha hali ya wafu. Yesu alikuwa akisema na Mafarisayo waliopenda fedha (Luka 16:14). Hasemi kwamba tajiri alimpiga Lazaro, wala kwamba alimfukuza. Nyumba yake haikupungukiwa na chakula, kwa maana makombo tu yangetosha. Lakini maskini yule aliendelea kulala pale pale, na mbwa ndio waliomkaribia.

Angalia aya ya 24. Tajiri akiwa katika mateso anamtaja Lazaro kwa jina. Hakuna aliyemwambia jina hilo kule. Maana yake alimjua tangu zamani. Alimpita kila alipotoka na kila aliporudi. Alikuwa amemzoea.

Usiku mmoja wa Januari 2024, watu wasio na makao walihesabiwa kote Marekani, katika nyumba za hifadhi, katika magari, chini ya madaraja na kando ya barabara. Walipatikana 771,480, ongezeko la asilimia 18 kuliko mwaka uliotangulia. Karibu 150,000 kati yao walikuwa watoto. Miji wanamolala ni ile ile yenye majengo marefu ambayo picha zake hutundikwa ukutani katika nyumba nyingi za Afrika.

Kuna mhitaji gani ambaye wewe humpita mara kwa mara? Je, unamjua jina lake?

JUMATATU
Shauri la Mtu Asiyemjua

Soma Ayubu 29:11-17 na Mithali 18:13. Ayubu alifanya nini kabla ya kutoa hukumu juu ya mhitaji?

Ayubu alikuwa tajiri kuliko watu wote wa mashariki (Ayubu 1:3). Angeweza kusema kwamba katika nchi yake hakuna mwenye shida. Badala yake alilichunguza shauri hata la mtu asiyemjua. Hakuamini kila neno bila kupima, wala hakukataa kabla ya kusikiliza.

Desemba 1983, Edwin Meese, mshauri wa Rais Ronald Reagan, alisema hajaona ushahidi wa kuaminika kwamba Marekani ina watoto wenye njaa, na kwamba baadhi ya watu huenda kwenye vituo vya kugawa chakula kwa sababu ni cha bure. Maneno yake yalizua ubishi mkubwa. Mwezi uliofuata, kamati iliyoteuliwa na Rais ilieleza kwamba njaa ipo, ila hapakuwa na njia ya kupima ukubwa wake. Kwa hiyo kila upande ulibaki na la kwake.

Mwaka 1995 serikali ya nchi hiyo ilianza kuziuliza kaya maswali yaliyo wazi: Je, mlihofia kwamba chakula kitaisha kabla ya kupata fedha za kununua kingine? Je, mtu mzima alipunguza chakula chake au kuacha mlo kwa kukosa fedha? Kwa mwaka 2023, kaya milioni 18, yaani asilimia 13.5 ya kaya zote, zilikuwa na wakati zilipokosa uhakika wa chakula. Watu milioni 47.4 waliishi katika kaya hizo. Si wote waliolala na njaa. Katika nyumba nyingi mama hupunguza sahani yake ili watoto wapate. Lakini katika asilimia 5.1 ya kaya hali ilikuwa mbaya zaidi, hata watu wakala pungufu ya kawaida yao.

Kwa nini ni rahisi kutoa hukumu juu ya maskini kabla ya kumwuliza?

JUMANNE
“Si Afanye Kazi?”

Soma 2 Wathesalonike 3:10 na Mithali 13:23. Mafungu haya mawili yanasaidianaje?

Paulo anamsema mtu asiyetaka kufanya kazi. Neno lake ni la kweli, na wavivu wapo katika kila nchi. Lakini Sulemani anaonyesha jambo jingine: shamba la maskini laweza kuzaa chakula tele, na bado yeye akaangamia kwa kukosa haki. Kuna anayefanya kazi asishibe.

Tangu Julai 2009 sheria ya taifa la Marekani imeweka kima cha chini cha mshahara kuwa dola 7.25 kwa saa. Majimbo mengi yameweka kiwango cha juu zaidi, lakini mengine yamebaki hapo. Mtu akifanya kazi saa 40 kila juma, mwaka mzima bila kukosa siku, atapata dola 15,080 kabla ya kodi ya serikali. Hiyo ni kama dola 1,257 kwa mwezi, na humo atoe kodi ya nyumba, nauli, dawa na chakula. Mwaka 2022, nusu ya kaya za wapangaji nchini humo zilitumia zaidi ya asilimia 30 ya mapato yao kwa pango na huduma za nyumba. Mtu wa namna hiyo akiugua au akiachishwa kazi, miezi michache tu yatosha kumtoa nje. Baadhi ya wanaolala katika magari huamka asubuhi na kwenda kazini.

Ni kweli pia kwamba wengine wamefikishwa barabarani na pombe, dawa za kulevya au ugonjwa wa akili. Msamaria mwema hakumhoji majeruhi kwa nini alipita njia ile ya hatari (Luka 10:30-35).

JUMATANO
Pembe za Shamba

Soma Walawi 19:9, 10 na Kumbukumbu la Torati 15:1-11. Mungu aliwawekea maskini mpango gani katika nchi ya baraka?

Katika Kumbukumbu la Torati 15 kuna maneno mawili yanayoonekana kupingana. Aya ya 4 inaonyesha kwamba hapangekuwa na maskini katika Israeli. Aya ya 11 inasema maskini hawatakoma katika nchi. Aya ya 4 inaeleza kusudi la Mungu, ambaye baraka yake ilitosha watu wote. Aya ya 11 inamjua mwanadamu na ugumu wa moyo wake. Ndiyo maana aya ya 9 inaonya juu ya wazo baya linaloingia moyoni na kuufunga mkono.

Mwenye shamba hakuruhusiwa kuvuna hadi pembeni. Masazo yalikuwa haki ya maskini na mgeni, nao waliyaokota kwa mikono yao wenyewe, kama Ruthu katika shamba la Boazi. Sodoma ilikuwa na shibe, lakini Ezekieli 16:49 inahesabu miongoni mwa dhambi zake kwamba haikuutia nguvu mkono wa maskini.

Nchini Marekani, kati ya asilimia 30 na 40 ya chakula chote hupotea bila kuliwa. Mwaka 1967, huko Phoenix, Arizona, John van Hengel aliona jinsi maduka yalivyotupa chakula kinachofaa. Akaanzisha ghala la kukikusanya na kukigawa, nalo likawa benki ya kwanza ya chakula nchini humo.

“Pembe za shamba” kwa mtu asiyelima ni zipi?

ALHAMISI
Manung’uniko Yaliyosikilizwa

Soma Matendo 4:32-35 na 6:1-7. Mitume walifanya nini walipoletewa malalamiko?

Sura ya 4 inashuhudia kwamba katika kanisa hapakuwa na mhitaji. Katika sura ya 6 wajane wa Kiyunani wanasahauliwa katika huduma ya kila siku. Ingekuwa rahisi kuwajibu, “Hapa hakuna mhitaji, kila mtu anajua hivyo.” Mitume hawakuitumia sifa njema ya kanisa kuwanyamazisha wajane. Walikutanisha wanafunzi, wakachaguliwa watu saba, na neno la Mungu likazidi kuenea.

Isaya 58, sura inayopendwa kwa ahadi zake kuhusu Sabato (aya 13, 14), inaanza na watu wanaofunga saumu na kushangaa kwamba Mungu haoni. Aya ya 7 inawaagiza wampe mwenye njaa chakula chao na kumpokea nyumbani maskini asiye na makao. Mwaka 1893, uchumi wa Marekani ulipoanguka na wengi kukosa kazi, Dkt. John Harvey Kellogg na Waadventista wenzake walifungua huduma katikati ya Chicago, palipokuwa na kliniki, mahali pa kuoga na pa kufua nguo.

IJUMAA

Jifunze Zaidi: Katika kitabu Huduma ya Uponyaji, kilichotolewa mwaka 1905, Ellen G. White aliweka sura nzima juu ya kuwasaidia wasio na kazi na wasio na makao. Isome pamoja na Mathayo 25:31-46. Angalia kwamba walio mkono wa kushoto nao wanauliza, “Ni lini tulikuona?”

Maswali ya Kujadili:

1. Ndugu aliye ng’ambo akisema kwamba mwezi huu hana kitu, je, nyumbani huaminiwa? Ni mzigo gani huwekwa juu yake na dhana kwamba kule hakuna shida?

2. Kuna tofauti gani kati ya kuchunguza shauri la mhitaji, kama Ayubu, na kutafuta sababu ya kutomsaidia?

3. Je, katika kanisa lenu yupo mjane, mgeni au mtoto ambaye huenda amesahauliwa kwa sababu watu wote hudhani ana wa kumsaidia? Darasa lifanye nini juma hili ili kujua ukweli?