Kabla ya Kulipia Makala ya Utafiti

Mwaka 2005 jarida la Science la Marekani liliutangazia ulimwengu kuwapo kwa kipunji, kima ambaye baadhi ya wenyeji wa Mlima Rungwe walikwisha kumjua kwa jina hilo. Jarida hilo huuzwa kwa usajili. Hivyo mkazi wa Tukuyu aweza kudaiwa fedha ili asome habari za msitu ulio jirani naye.

Zipo pia makala huria, zisomwazo bila malipo kwenye intaneti. Hata hivyo, kusoma bure si ruhusa ya kufanya lolote. Ruhusa hutolewa na leseni iliyoandikwa kwenye makala yenyewe. Leseni za Creative Commons, zilizoanza kutolewa mwaka 2002, hutambulika kwa herufi:

CC BY: waweza kunakili, kutafsiri na hata kuuza, mradi umtaje mwandishi.
NC: usitumie kwa biashara.
ND: usisambaze tafsiri wala nakala iliyobadilishwa.

Pasipo leseni, makala hulindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999.

Mtumiaji anashauriwa:

1. Tafuta kichwa cha makala kwenye intaneti. Huenda chuo cha mwandishi kimeweka nakala ya bure.
2. Mwandikie mwandishi kwa anwani iliyotajwa, umwombe nakala.
3. Dukani, ulizia gharama ya uchapaji peke yake. Ikiwa makala ni huria, unacholipia ni karatasi, wino na kazi ya mchapaji tu.