Kabla ya Kuandika "Mbovu"

Nikiwa BTP mwaka jana kwenye sekondari moja ya Nyang'hwale, Geita, nilikuta stoo kompyuta 11, kila moja imebandikwa karatasi yenye neno moja: MBOVU. Kidato cha tatu walikuwa wanasoma kompyuta kwa kuchorewa ubaoni. Binti mmoja akaniuliza, "Ticha, hivi mausi ina uzito gani?" Nikakosa jibu la kuchora.

Mimi si fundi, nasomea ualimu. Lakini nilijua kosa letu wengi: mashine isipowaka tunahangaika nayo ikiwa na kila kitu ndani. Utamjuaje mkosaji? Vua vyote. Toa ubao mkuu, ule mafundi wanaouita mazabodi, uweke juu ya boksi kavu la karatasi. Usiuweke kwenye bati wala meza ya chuma, maana mgongo wake umejaa ncha za kugusana. Bakiza prosesa na feni yake, ramu moja, pawa saplai na kispika cha kutoa mlio. Basi.

Pima kwanza saplai peke yake, kabla ya kuiunganisha na ubao. Kwenye plagi kubwa ya matundu 24, unganisha waya wa kijani na mweusi wowote, ndipo uchomeke ukutani. Feni ikizunguka usishangilie bado. Kwa testa (yangu niliazima kwa fundi redio Kahama), njano na mweusi zitoe volti 11.4 hadi 12.6, nyekundu 4.75 hadi 5.25. Saplai 4 zilifeli hapo hapo. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, yeye ndiye anayepokea kipigo. Iliyokufa usiifungue: kapasita zake hushika umeme hata ukishachomoa.

Ukipata nzima, chomeka plagi kubwa pamoja na ile ndogo ya matundu 4 karibu na prosesa. Hiyo ndogo ilinitesa siku nzima: niliisahau, feni inazunguka, ubao kimya! Sasa toa hata ramu, kisha kwa ncha ya bisibisi gusanisha mara moja zile pini mbili za kuwashia. Ubao ukilia, furahi. Kulalamika kwake kuna maana kwamba wenyewe na prosesa wako hai, wanatafuta ramu. Zima, chomoa, rudisha ramu, washa. Ukiacha kulalamika, ongeza skrini, halafu kibodi, diski iwe ya mwisho. Kimoja kimoja, na kila mara uchomoe umeme kwanza. Ikigoma, mshukiwa wa kwanza ni ulichoongeza sasa hivi.

Kumbe tatizo lililojirudia zaidi lilikuwa vumbi. Meno ya ramu yalikuwa yamefifia. Nikayasugua taratibu kwa raba ya penseli yakang'aa manjano. Mlinzi akacheka, eti hata stoo ina mgodi. Ni kweli yamepakwa dhahabu, ila tabaka lenyewe ni jembamba mno. Anayechoma ubao kuitafuta anavuta moshi wa sumu bure.

Zimewaka 5. Mbili zinasahau tarehe kila zikichomolewa, betri zao za volti 3 zimeisha. Zile 6 nimezibandika karatasi mpya: "ubao mzima, saplai imekufa", "inahitaji ramu". Moja tu nimeiandika mbovu.

Yule binti aliishika mausi, akasema ni nyepesi kuliko alivyodhani.