Beji Haisemi Ukweli: Somo la Kukagua Gari la Mbio

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani, Buzebazeba. Kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, akaingia mtaani na ndinga ya bluu: Subaru Impreza, bawa nyuma, herufi za STI zikiwaka nyekundu. Watoto wakaacha mpira. "Mwalimu, njoo uone mchuma," akaniita. Nikaketi kwenye usukani. Kitasa cha gia kilikuwa na mchoro wa gia sita. Nikajaribu ya sita, ikagoma. "Hiyo ngumu kidogo," akasema. "Dalali alisema italainika."

Haikulainika, kwa sababu haikuwepo. Akiba yake ya miaka minne ya biashara ya dagaa ilikuwa imenunua beji.

Ndugu mwanachuo mwenzangu, mambo haya nilijifunza kwa fundi mmoja jirani na chuo, ambako nilikuwa nikishinda Jumamosi. Kwa kuwa nasomea ualimu, acha niyapange kama andalio la somo. Lengo: mwisho wa somo, msomaji aweze kutambua gari halisi na lile lililovishwa, na aweze kuandika kumbukumbu zake.

Utangulizi. Kwa nini watu wanahangaika kughushi? Kwa sababu jina lina bei. Safari Rally ilianza mwaka 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Colin McRae aliishinda mwaka 1997 akiwa na Impreza, na Richard Burns mwaka 2000 akiwa na Impreza vilevile. STI ni kifupi cha Subaru Tecnica International, kitengo cha michezo ya magari cha Subaru kilichoanzishwa mwaka 1988. Beji yake inanunuliwa dukani, inabandikwa kwa dakika tano.

Hatua ya kwanza: soma chasisi. Fungua boneti, tazama ukuta unaotenganisha injini na abiria. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani yana namba inayoanza na herufi za aina ya gari. Kwa Impreza ya milango minne ya kizazi cha pili, GD2 na GD3 ni za lita 1.5, GDA ni WRX, GDB ndiyo STI. La kaka lilikuwa GDA: gari zuri, lenye turbo, lakini si STI. Ila usikariri tu. Kizazi cha kwanza, GC8, kina WRX na STI ndani ya herufi hizohizo. Hapo lazima usome msimbo mzima kwenye bati la kiwandani. Mtindo huu haupo Subaru peke yake: Nissan Skyline GT-R ya kizazi cha R34 inaanza na BNR34, na ndugu yake wa kawaida mwenye turbo ni ER34.

Tazama pia namba zenyewe. Zimekaa sawa? Kuna alama za tupa, welding au rangi mpya pale tu?

Hatua ya pili: linganisha vifaa. GDB ina gia sita, GDA ya gia za mkono ina tano. Zihesabu kwa mkono, usizihesabu kwenye mchoro.

Hatua ya tatu: linganisha karatasi. Namba ya chasisi kwenye chuma, kwenye kadi ya TRA na kwenye cheti cha Japani cha kusafirisha gari nje lazima iwe moja. Kwenye cheti hicho angalia pia kilomita zilizoandikwa, kisha tazama dashibodi. Kilomita za gari hazirudi nyuma zenyewe.

Sasa swali ambalo kila darasa litauliza: gari likibadilishwa injini, limekuwa feki?

Jibu liko bandarini kwetu. Liemba ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa Kigoma, ikaanza kuelea mwaka 1915. Ikazamishwa 1916, ikaibuliwa 1924, ikarudi kazini 1927 ikiwa na jina jipya. Baadaye hata injini zake za mvuke zikatolewa, zikafungwa za dizeli. Nani Kigoma atakwambia hiyo si Liemba? Kila badiliko linajulikana.

Mwaka 1990 mahakama ya London ilikutana na swali hilohilo. Bentley iliyoitwa Old Number One, jina la gari lililoshinda Le Mans mwaka 1929 na 1930, ilikuwa imebadilishwa karibu kila kifaa. Mnunuzi akagoma, akidai si lenyewe. Jaji akaona linastahili jina lake, kwa kuwa historia yake haikukatika.

Kwa hiyo kubadilika si kosa. Kosa ni kuficha.

Hatua ya nne: andika. Chukua daftari la kaunta. Ukurasa wa kwanza: namba ya chasisi, namba ya injini, msimbo wa bati, kilomita na tarehe. Piga picha ya kila namba. Kila kifaa kikibadilishwa, andika kipi, lini, fundi gani, na ubandike risiti. Ukibadili injini au rangi, ripoti TRA ili kadi irekebishwe.

Kaka aliposikia yote haya alikaa kimya, kisha akasema: "Mdogo wangu, na mimi nitamuuzia mwingine hivyohivyo. Nani atajua?" Sikuwa na jibu la darasani. Nilimwambia tu kwamba huyo mwingine naye ana miaka yake minne.

Asubuhi nilimkuta amekaa kwenye ngazi ya mlango na daftari. Ukurasa wa kwanza, kwa mwandiko wake: "GDA. Gia tano. Beji si za kiwandani." Beji zenyewe bado hajazibandua. Anasema zinapendeza.

Zoezi: tafuta gari lolote mtaani kwenu, omba ruhusa kwa mwenyewe, usome chasisi yake. Kisha muulize anachojua kuhusu gari lake, na ulinganishe.