MZAZI NA MWALIMU WAJUANE

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Somo la Ijumaa hii ni juu ya watoto wetu wa shule ya msingi, na juu ya sisi wazazi tunaowatuma kule asubuhi, nasi wenyewe hatuijui njia ya kufika.

Tuanze Madina. Mwaka wa 2 wa Hijra (624), baada ya vita vya Badr, Waislamu walikuwa na mateka wa Makka. Wenye mali walijikomboa kwa mali. Wasiokuwa nayo lakini walijua kuandika, Mtume (s.a.w.) aliwawekea fidia nyingine: wawafundishe watoto wa Ansari kuandika. Tazameni jambo hili vizuri. Mwalimu alikuwa mshirikina, tena siku chache nyuma alikuwa upande wa adui. Pamoja na hayo watoto waliketi mbele yake wakajifunza.

Imam Ahmad amepokea kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.) kwamba siku moja mtoto mmoja alirudi kwa baba yake akilia. Baba akauliza kuna nini. Mtoto akasema mwalimu amempiga. Baba akakasirika, akasema mwovu yule anatafuta kisasi cha Badr, akaapa kwamba mtoto hatakwenda tena kwake.

Mimi nampenda baba yule kwa jambo moja: alimwona mtoto analia, akauliza. Wangapi kati yetu tunajua mtoto alirudi vipi jana? Lakini katika kumtoa mtoto tusiharakishe kama yeye. Mwalimu wa kule alikuwa mateka wa vita, na dhana ya baba ilikuwa na msingi. Mwalimu wa mtoto wako ni jirani yako, mnakutana sokoni, pengine mnasimama safu moja hapa msikitini. Huyo anaendewa, anasalimiwa, anaulizwa. Kama kweli anaumiza watoto, basi apelekwe kwa direkta na kwa komite ya wazazi, maana kunyamaza hakumlindi mtoto wako wala wa mwenzako. Desturi yetu ni nyingine: mama anapiga kelele barazani, baba anasema "usirudi tena kule", na mwaka wa mtoto umekwisha bila mtu mzima hata mmoja kufika shuleni.

Kusimama kwetu mbali na shule kuna historia. Mwaka 1906 Dola Huru la Kongo la mfalme Leopold II lilipatana na Vatican: misioni zipewe ardhi, nazo zifungue shule. Baadaye, wakati wa Wabelgiji, kuingia shule ilikuwa karibu sawa na kuingia misioni. Wazee wetu wa Kasongo, Nyangwe na Kindu waliogopa mtoto atoke nyumbani Ramazani, arudi Raphaël. Wakachagua chuo peke yake. Hatuwalaumu, walilinda walichokuwa nacho. Lakini deni lilibaki: watu waliosoma Kurani vizuri, na barua ya serikali ikifika wanatafuta mtu wa kuwasomea. Leo tuna shule zetu za Kiislamu zenye mkataba na serikali. Sababu ya kusimama mbali imeondoka, desturi imebaki.

Kisha kuna pesa. Tangu miaka ya 1990, serikali iliposhindwa kulipa, wazazi ndio waliobeba mwalimu. Komite ya wazazi ikajulikana kwa kazi moja: kukaa na direkta na kupanga kila mtoto alete franka ngapi. Mzazi alikuja mkutanoni kubishana bei. Katiba ya 2006, kifungu cha 43, ilisema elimu ya msingi katika shule za umma ni ya lazima na ni bure, na kazi yenyewe ilianza Septemba 2019. Alhamdulillah, watoto wengi waliokuwa wanakaa nyumbani waliingia. Lakini pesa ilipoondoka, mzazi naye aliondoka. "Sasa ni mambo ya serikali." Madarasa yamejaa, benchi ni zile zile, na wapo walimu ambao hawajaingia katika listi ya mishahara. Shule ilipomhitaji mzazi zaidi, ndipo yeye alipopotea.

Sisemi turudishe michango ya siri. Anayedai pesa mlangoni wakati sheria inasema bure, aulizwe mbele ya komite. Ile komite inachaguliwa na mkutano wa wazazi wote, na wajumbe wa wazazi wanakaa pamoja na direkta na walimu katika baraza la usimamizi. Pesa ya kuendesha shule ikifika, ni haki yako kujua ni ngapi na imenunua nini. Usipokwenda kuchagua, watachaguliwa marafiki wa direkta.

Utasema: "Mimi sijui Kifaransa, nitasaidia nini?" Miaka ya kwanza mtoto anajifunza kusoma kwa Kiswahili. Mwambie afungue kaye yake akusomee kwa sauti. Wewe uliyekaa chuoni unajua tofauti ya anayesoma na anayekariri bila kutazama herufi, sikio lako limezoea. Buleteni nayo usiisaini kama mtu anayefukuza nzi. Mama asiyejua kusoma aende nayo kwa mwalimu, aelezwe kwa mdomo. Si aibu.

Lazima tuseme juu ya shamba. Mpunga ukianza kukomaa, watoto wanakwenda kufukuza ndege, majuma mazima. Najua njaa si mchezo. Lakini mwalimu hana habari, anaandika "hayupo, hayupo", na mwishoni anamwangusha. Nenda kwake mbele ya wakati, mpatane. Familia tatu zenye mashamba jirani zinaweza kupokezana: leo mtoto mmoja analinda yote matatu, wenzake wanasoma, jioni wanamwazima kaye. Na mtazame nani anatolewa kwanza darasani. Karibu kila mara ni binti.

Neno kwa walimu wenzangu wa chuo. Mtoto anatoka kwetu alfajiri, anakwenda shule, anarudi kwetu jioni, analala juu ya ubao. Chuo ndicho kilichonilea na ndiyo kazi yangu, siwezi kusema kiachwe. Ila tukae na direkta tupange saa. Watoto wa darasa la sita wakikaribia mtihani wa mwisho, tuwapunguzie jioni. Shule nayo itazame saa ya Ijumaa na siku za funga.

Baada ya swala ya leo, wazazi wa watoto wa darasa la kwanza mpaka la tatu wabaki, mama zetu pia, kwa upande wao. Direkta amekubali kufika. Kila mmoja awe tayari kusema mtoto wake amekosa siku ngapi tangu mwezi uliopita, na kwa nini. Asiyejua, abaki vilevile.

Wabillahi tawfiq.