Kumwona si Kuonekana

Alasiri, pwani ya Wete. Mzee, aliyekuwa nahodha kabla magoti hayajamkataza, anakalafati mashua: pamba, nyundo, kopo la mafuta ya sifa. Jua limeanza kuinama upande wa kisiwa cha Fundo. Kijana anafika, uso umemkunjamana.

KIJANA: Shikamoo, babu.

MZEE: Marahaba, mjukuu wangu. Tulikuombeeni dua juzi, mama yako hakulala. Mmerudi, alhamdulillahi. Kaa hapo, usiikanyage pamba.

KIJANA: Tumerudi, lakini nina kinyongo. Mashine ilituzimikia katikati ya mkondo, asubuhi saa tatu. Saa tano ikapita boti ya abiria, naiona mpaka madirisha yake. Nikavua shati nikapunga, nikapiga kelele mpaka koo likakauka. Wakatupita! Walituona, babu, wakatupita. Watu hawana imani siku hizi.

MZEE: Nani kakwambia walikuoneni?

KIJANA: Mimi niliwaona.

MZEE: Sikuuliza hilo. Nimeuliza kama wao walikuona wewe.

KIJANA: Si ni mamoja?

MZEE: Lahaula! Neno hili nimelisikia tangu sijaota ndevu, na nimechoka nalo. "Nilimwona, basi na yeye aliniona." Lina madhara mawili. Mtu hukaa akipungia shati chombo kisichomwona mpaka nguvu zimwishie, na kumbe kitu cha kumwokoa kimo mfukoni mwake. Kisha, akijaaliwa kurudi pwani, humsingizia nahodha wa watu kwamba amewaacha waja wa Mungu wafe. Hiyo ni dhana mbaya, na dhana mbaya ni dhambi hata kama mwenye kudhaniwa hakuisikia.

KIJANA: Lakini babu, mimi nimesoma. Mstari utokao jichoni mwangu kwenda kwake ndio huohuo utokao kwake kuja kwangu. Kama hakuna kilichotuziba, vipi mimi nimwone, yeye asinione?

MZEE: Mstari ni mmoja, umesema kweli, na mwalimu wako kafanya kazi yake. Ncha zake ndizo haziko sawa. Ncha ya kule unakotazama wewe kuna boti ya chuma, nyeupe, ghorofa juu ya ghorofa, imesimama majini kama nyumba. Ncha ya kule anakotazama yeye kuna ubao uliochomoza nusu mita juu ya maji, na kichwa cha binadamu ambacho kwa mbali hakina tofauti na nazi inayoelea. Siku ile upepo ulikuwaje?

KIJANA: Kusi, ulikuwa na nguvu.

MZEE: Basi bahari nzima ilikuwa na mapovu. Shati lako rangi gani?

KIJANA: Jeupe.

MZEE: Jeupe! Ulimpungia povu katikati ya mapovu, ukataka akutambue. Na ulipunga kwa mkono mmoja?

KIJANA: Mmoja, mwingine nimeshika ukingo.

MZEE: Sisi tukipishana baharini tunapungianaje?

KIJANA: Kwa mkono mmoja.

MZEE: Basi hata kama abiria mmoja alikuona, alidhani unamsalimia, akakurudishia salamu. Mwenye kuomba msaada hunyoosha mikono yote miwili pembeni, akaipandisha na kuishusha polepole, tena na tena. Hiyo ndiyo alama inayojulikana na mabaharia wa dunia nzima.

Na chukua hesabu, maana wewe umesoma. Jicho lililo mita 1 juu ya maji, upeo wake ni kilomita 3 na nusu hivi. Nahodha wa boti tumweke mita 9 juu, upeo wake unakaribia kilomita 11. Jumlisha. Kwa kilomita 14 wewe unaiona sehemu ya juu ya boti yake imechomoza. Yeye kwa kilomita hizohizo aone nini? Nywele zako. Ndiyo maana Waingereza walipousimamisha mnara wa taa wa Ras Kigomasha mwaka 1900 waliupandisha juu, hawakuiweka taa mchangani. Halafu nahodha yule hakuwa anakutafuta. Anatazama mbele, ana miamba, ana majahazi, dirisha lake lina chumvi. Mtu haoni asichokitafuta mpaka kimchome macho.

KIJANA: Kwa hiyo tulikuwa tufe tu?

MZEE: Nani kasema? Kulikuwa na jua?

KIJANA: Kali.

MZEE: Na wewe hunyoi ndevu? Kioo chako kiko wapi?

KIJANA: Kimo kwenye mkoba, nakwenda nacho dago. Lakini babu, kabla ya vioo, si kuna jaketi la kuokolea, na...

MZEE: Hayo unayajua. Jaketi livae, lisiwe la kukalia. Chombo usikiache ukaogelea kwa kuwa kisiwa "kipo pale tu." Aga nyumbani, sema unakwenda wapi na unarudi lini. Simu itie kwenye mfuko wa plastiki, ukipata mtandao piga 112. Mwenye redio ya baharini aite kwenye chaneli 16. Askari wa baharini wa KMKM wana boti, lakini watakufuata wapi kama hakuna anayejua ulikokwenda? Basi, yamekwisha. Sitaki kulipoteza jua hili. Toa kioo.

KIJANA: Hiki hapa. Kidogo, kama kiganja.

MZEE: Kinatosha. Sasa sikiliza, na nitalisema mara nyingi kwa sababu hili ndilo watu wanalolipita mbio. Mtu aliyepigwa na mwanga wa kioo chako haoni kioo, wala hakuoni wewe. Analiona jua lenyewe, kipande chake, kana kwamba linachungulia kwenye tundu lililotobolewa baharini. Povu haliwezi kufanya hivyo. Shati haliwezi kufanya hivyo. Mwanga ule unamfuata machoni hata kama alikuwa hakutafuti.

KIJANA: Basi nikielekeze tu upande wake.

MZEE: "Upande wake"! Hapo ndipo mnaposhindwa, mkarudi mkasema kioo hakifai. Jua kule juu upana wake ni nusu nyuzi, na mwanga unaotoka kwenye kioo chako hupanuka kwa kipimo hichohicho: kila mita 110, mita 1. Boti ikiwa mita 1,100 mbele yako, duara la mwanga wako lina upana wa mita 10. Ikiwa kilomita 11, duara lina mita 100. Aliye ndani ya duara analiona jua. Aliye nje yake, hata kwa hatua moja, haoni kitu kabisa.

KIJANA: Mita 100 si haba, babu. Boti nzima inaingia.

MZEE: Inaingia kama mkono wako ni jiwe. Ukikigeuza kioo nyuzi 1, mwanga hugeuka nyuzi 2. Kosa la mkono hulipwa maradufu, ndiyo tabia ya kioo. Boti iliyo kilomita 5 na nusu, duara lako ni mita 50, na kosa la nyuzi 1 linakutupa karibu mita 190 pembeni. Utakaa saa nzima unamulika samaki.

KIJANA: Basi nichukue kioo kikubwa, duara lipanuke.

MZEE: Hapana. Kwa mbali, kioo kikubwa kinaongeza ukali, hakiongezi upana. Upana ni wa jua, si wa kioo. Na usiniletee kijiko wala kifuniko kilichobonyea. Kilichopinda hutawanya mwanga mpaka unafifia. Kinachotakiwa kiwe bapa na king'ae: kioo, CD ya taarabu, kifuniko bapa cha kopo la maziwa ukakisugua kwa jivu.

Sasa nyoosha mkono wa kushoto. Vidole viwili vifanye panda. Iweke ile mashua iliyotia nanga katikati ya panda. Kioo kishike kwa mkono wa kulia, karibu na jicho, chini kidogo. Kigeuze polepole mpaka mwanga upige vidole vyote viwili. Ukipiga vidole vyote viwili, umekipiga na kilicho katikati yao, kwa sababu wewe, panda na mashua mko kwenye mstari mmoja. Ndio huo mstari wako wa shuleni, leo umepata kazi.

KIJANA: Naam, naona mwanga kwenye kidole cha shahada. Umekimbia. Umerudi.

MZEE: Polepole. Nimesema maradufu.

KIJANA: Hapa niko mchangani. Kwenye wimbi itakuwaje? Chombo kinapanda na kushuka, kioo hakitulii.

MZEE: Hilo ndilo swali la kwanza la maana uliloniuliza leo. Chombo kinapopanda na kushuka, mwanga nao unapanda na kushuka wenyewe. Bahari imekuchukulia kazi ya juu na chini. Wewe shughulikia kushoto na kulia tu, taratibu, kutoka kidole hadi kidole. Kila wimbi likikunyanyua, mwanga unampitia yule mtu machoni mara moja, unazima, unarudi. Na unaozima ukarudi ndio unaomshtua. Unaotulia huenda akaudhani dirisha la nyumba pwani.

KIJANA: Na jua likiwa nyuma yangu?

MZEE: Kioo hukielekezi kwenye jua wala kwenye chombo, unakielekeza katikati ya viwili hivyo. Jua likiwa juu kidogo nyuma yako, bado unaweza, kioo kiinue uso. Likiwa limeshuka chini kabisa mgongoni mwako, ngoja chombo kizunguke au mkondo ukugeuze.

KIJANA: Na kama sioni chombo chochote?

MZEE: Mulika! Zungusha mwanga kwenye upeo wote, kila baada ya muda. Ndege ndogo za Chake Chake zinapita juu ya mkondo kila siku, na rubani aliye juu anaona mbali kuliko wewe. Hapo neno lako linavunjika kwa upande wa pili: humwoni, na yeye anakuona. Na akikugeukia, usiache. Endelea mpaka awe na hakika, kwa sababu akipoteza ule mwanga, amebaki na mapovu.

KIJANA: Babu, mbona jambo hili linakukera hivi?

MZEE: Nilikuwa na umri kama wako. Tanga lilipasuka msimu wa kusi, mkondo ukatuchukua kaskazini, na unajua mkondo wetu huu: mwaka mzima unakwenda kaskazini, na kusi ikivuma unazidi mbio. Vilipita vyombo vitatu. Nikapunga kanga, nikalia, nikawalaani. Cha nne kilipotokea, mzee mmoja tuliyekuwa naye akachukua kifuniko cha kopo, akafanya haya niliyokuonyesha, na chombo kikageuka. Miezi baadaye, Mombasa, nikamkuta nahodha wa mojawapo ya vile vitatu. Nikamtukana mbele za watu. Akaniapia kwamba hakuona kitu, na macho yakamlenga machozi kwa kusikia tu kwamba watu walikuwa pale. Mtu mzima, nimemliza kwa ujinga wangu. Sijasahau.

Na jingine, kwa kuwa umenigusa. Vijana mna aibu. Mashine imezima saa tatu, ulianza kuomba msaada saa ngapi?

KIJANA: Boti ilipotokea. Saa tano.

MZEE: Saa mbili nzima unasema "itawaka tu," usije ukachekwa bandarini. Jua la asubuhi limekupita bure. Bahari haitaki aibu wala haitaki tamaa. Hivi tumeshasahau meli ya Spice Islander, tarehe 10 Septemba 2011? Imetoka Unguja inakuja kwetu Pemba, imepakia watu na mizigo kupita uwezo wake, ikazama usiku karibu na Nungwi. Mungu awarehemu. Walionusurika walishika magodoro na kilichoelea, ndani ya giza, hawaonani wao kwa wao.

KIJANA: Amin. Na usiku, babu? Kioo hakina kazi. Mimi ningewasha taa ya simu, nikaiinua juu, nikaiacha ikiwaka.

MZEE: Ukaiacha! Usiku wa giza, nje kule, unaona nini?

KIJANA: Taa za wavuvi wa dagaa.

MZEE: Na taa zao zinafanyaje?

KIJANA: Zinatulia. Zinawaka mpaka alfajiri.

MZEE: Basi na wewe umetulia, umekuwa mvuvi wa dagaa. Nahodha anapita mbali ili asikukatie wavu, tena amekufanyia adabu. Wewe asubuhi unasema hana imani! Ni neno lilelile, limevaa nguo ya usiku. Taa ya mwenye shida lazima izime na kuwaka: mara tatu fupi, tatu ndefu, tatu fupi, kisha pumzika, kisha rudia. Kama huna kitufe, ziba kwa kiganja. Minara ya taa humweka kwa mpango kwa sababu hiyohiyo, baharia asiichanganye na taa ya dukani. Na chaji itunze. Usiimalize kwa giza tupu, washa unaposikia mashine au unapoona taa zinazotembea.

Haya, jua halitungoji. Mjomba wako yuko kwenye ile mashua, nimemwambia tutamjaribia. Vidole.

KIJANA: Nimempata kwenye panda. Mwanga uko kidole cha kushoto... cha kulia... vyote.

MZEE: Mpitishie, usiukazie. Kushoto, kulia.

KIJANA: Namwona mjomba, amesimama omo.

MZEE: Sikuuliza hilo.

KIJANA: Ameziba macho, babu. Anainua mikono miwili.