Kufundisha Ukinzani na Nguvu ya Umeme kwa Njia ya Kupima

Miongoni mwa mada za sayansi zinazowatia hofu wanachuo wakati wa mazoezi ya kufundisha ni hesabu za umeme. Kwa sababu ya hofu hiyo, wengi huandika kanuni ubaoni, huwakaririsha wanafunzi, kisha hutoa hesabu kumi. Wanafunzi hupata majibu, lakini hawajui majibu hayo yanahusu kitu gani. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha njia nyingine, nayo ni kuanza na kipimo na kuishia na kanuni.

1. Mambo ambayo mwalimu hana budi kuyajua

Volteji ndiyo inayousukuma umeme katika waya. Hupimwa kwa volti. Mkondo ni kiasi cha umeme kinachopita mahali fulani kwa kila sekunde. Hupimwa kwa ampea. Ukinzani ni jinsi kitu kinavyouzuia mkondo usipite kwa urahisi. Hupimwa kwa omu. Nguvu ni kiasi cha nishati kinachotumika kwa kila sekunde. Hupimwa kwa wati. Basi:

Ukinzani = Volteji ÷ Mkondo
Nguvu = Volteji × Mkondo

Omu imepewa jina la Georg Simon Ohm, Mjerumani aliyekuwa mwalimu wa shule katika mji wa Köln, na ambaye alichapisha kitabu chake juu ya jambo hili mwaka 1827. Mwana huyu wa fundi makufuli alijitengenezea vifaa vyake vingi. Alipoona kwamba betri za wakati ule hazitoi volteji isiyobadilika, aliziacha, akatumia viungo vya metali mbili, kimoja katika maji yanayochemka na kingine katika barafu. Hivyo kanuni tunayoikaririsha ilitokana na vipimo vya mwalimu mwenzetu.

2. Vifaa

Betri mbili za tochi, glopu ya tochi, nyaya, amita na voltimita. Tena, kipande cha waya mwembamba kutoka katika jiko la umeme lililoharibika. Ikiwa amita ni moja tu shuleni, vikundi na vipokezane.

3. Hatua za somo

(a) Wanafunzi waunganishe betri moja, glopu na amita kwa mfululizo, halafu voltimita sambamba na glopu. Mwalimu akague kila kikundi, kwa maana amita ikiunganishwa moja kwa moja na betri huweza kuungua.

(b) Wasome vipimo na kuviandika katika jedwali kabla ya kutajiwa kanuni yoyote.

(c) Waongeze betri ya pili, wasome tena. Waulizwe: glopu imebadilikaje? Mkondo je?

(d) Ndipo mwalimu aitoe kanuni, nao wakokotoe kwa vipimo vyao wenyewe.

4. Kosa tulilolifanya sisi

Tulipofundisha somo hili darasa la saba, katika shule iliyo karibu na chuo, mwanafunzi mmoja alipata vipimo hivi vya glopu:

Betri moja: volti 1.2, ampea 0.2. Ukinzani ni omu 6.
Betri mbili: volti 2.4, ampea 0.3. Ukinzani ni omu 8.

Akatuuliza, "Mwalimu, glopu ni ile ile. Mbona ukinzani umebadilika?" Tulimjibu kwamba amekosea kusoma amita. Akafuta 6, akaandika 8, akaketi. Jioni tulirudia jaribio kwa mikono yetu, tukapata 6 na 8 kama yeye.

Mtoto alikuwa sahihi. Uzi wa glopu unapopata moto zaidi, ukinzani wake huongezeka. Kanuni ya kugawanya volteji kwa mkondo ni kweli wakati wote. Lakini ukinzani wenyewe hubaki ule ule pale tu ambapo hali ya joto haibadiliki sana. Kesho yake tulirudi darasani, tukakiri kosa letu mbele ya wote, tukamwomba aandike jibu lake ubaoni.

Kisha tuliweka ule waya wa jiko mahali pa glopu. Betri moja ilitoa volti 1.3 na ampea 0.13, betri mbili, volti 2.6 na ampea 0.26. Mara zote mbili ukinzani ni omu 10. Tazameni pia nguvu: kwanza wati 0.169, kisha wati 0.676. Volteji imekuwa maradufu, nguvu imekuwa mara nne. Wanafunzi na waulizwe sababu: ni kwa kuwa mkondo nao umekuwa maradufu.

5. Zoezi

Pasi ya umeme ina wati 1150 nayo hutumia volti 230. Tafuta mkondo na ukinzani wake ikiwa na moto. Je, fyuzi ya ampea 3 itafaa?

Jibu: Mkondo ni 1150 ÷ 230 = ampea 5. Ukinzani ni 230 ÷ 5 = omu 46. Fyuzi ya ampea 3 haifai, kwani itakatika.

Hesabu hii ifanywe daftarini tu. Umeme wa nyumbani huua. Usitumiwe kamwe kwa majaribio ya wanafunzi. Betri za tochi zatosha.

6. Hitimisho

Mwanachuo atakayeingia darasani na kanuni pekee atafika siku ambayo kipimo cha mtoto kitapingana na matarajio yake, naye atashawishika kumwambia afute. Asifanye hivyo. Kwanza apime tena pamoja naye. Mtoto aliyefutishwa jibu la kweli hujifunza kwamba sayansi ni kukubali neno la mwalimu, na somo hilo baya ni gumu kumwondolea.