Kompyuta Isiyo na Kioo Wala Kibodi

Katika stoo ya maabara yetu mna kompyuta bapa iitwayo SPARCstation 5. Ilitengenezwa na kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani, iliyoanza kuuza aina hiyo mwaka 1994. Haikuja na kioo, wala kibodi, wala kitabu. Na chombo kisichowaka huuzwa kwa kilo pamoja na vitanda vilivyovunjika. Kwa hiyo nataka kueleza jinsi kompyuta ya namna hii iwezavyo kuamshwa kwa vitu tulivyo navyo.

Yafaa kujua kwanza kwamba mashine hii hutumia Unix, mfumo ulioanzishwa mwaka 1969 na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika Maabara ya Bell huko Marekani. Kioo chake kina plagi ya pini 13 isiyoingia katika vioo vya siku hizi, na kibodi yake nayo ni ya peke yake. Lakini si lazima kuvitafuta. Sun waliiunda hivi: ikikosa kibodi, hutoa maneno yake kwa mlango wa A ulio nyuma, wenye matundu 25. Basi kompyuta yoyote ndogo yaweza kuwa kioo chake na kibodi yake.

Zatakiwa nyaya tatu tu: ya kusema, ya kusikia na ya ardhi. Hapa ndipo wengi hupotea. Kanuni ni kwamba waya wa kusema wa huku uende kwenye kusikia kwa kule, na kwa hiyo mtu hudhani sharti apishanishe 2 na 3. Sivyo. Katika plagi ya pini 25, pini 2 husema na 3 husikia. Katika plagi ya pini 9, pini 2 husikia na 3 husema. Hivyo 2 huenda kwa 2, 3 kwa 3, na 7, ambayo ni ardhi, huenda kwa 5. Kompyuta ya sasa isiyo na plagi hiyo hutumia kiunganishi cha USB. Fungua programu kama PuTTY, weka mwendo 9600, biti 8, bila pariti, biti 1 ya kukomea. Ukiiwasha ikaanza kutafuta mtandao, ipelekee ishara ya Break, nawe utaona neno "ok".

Neno hilo ni la OpenBoot, programu iliyomo ndani ya chipu. Lugha yake ni Forth, ambayo hutaja namba kwanza na kitendo baadaye. Andika "2 3 + ." nayo hujibu 5. Andika "a 6 + ." nayo hujibu 10, maana huhesabu kwa kumi na sita.

Ugonjwa mkubwa wa mashine hizi ni usahaulifu. Mna chipu yenye betri iliyofungiwa humo humo, inayotunza saa na utambulisho wa mashine. Betri ikiisha baada ya miaka mingi, mashine hulalamika kwamba IDPROM si sahihi, na anwani yake ya Etheneti husomeka ff:ff:ff:ff:ff:ff. Haijafa, imesahau jina lake, nasi twaweza kuipa jingine.

Jina hilo ni baiti 16, kuanzia nafasi ya 0 hadi f. Nafasi ya 0 huwekwa 1. Nafasi ya 1 ni aina ya mashine, nayo kwa hii ni 80. Nafasi ya 2 hadi 7 ni anwani ya Etheneti, ambayo kwa Sun huanza na 8, 0 na 20. Tatu zinazobaki wachagua mwenyewe, mradi zisilingane na za mashine nyingine mtandaoni. Ya 8 hadi b ni tarehe, yaweza kuwa 0. Ya c hadi e ni namba ya mashine, na desturi ya wanaofufua mashine hizi ni kurudia zile tatu ulizochagua. Kila moja huandikwa kwa amri "mkp". "8 2 mkp" maana yake weka 8 katika nafasi ya 2.

Nafasi ya f ni ya kuhakikisha, nayo hupatikana kwa XOR: biti zikifanana jibu ni 0, zikitofautiana ni 1. Tukianza, 1 na 80 ni 81; ukitia 8 ni 89; ukitia 20 ni a9. Ajabu ni kwamba hesabu huishia hapo. Zile baiti tatu zimo mara mbili, na kitu kikikutana na nafsi yake katika XOR huwa 0. Uchague namba yoyote, jibu ni a9! Mwenye kalamu na karatasi ajaribu wakati wa maandalio ya jioni.

Umeme ukikatika yote hayo husahaulika tena, hata betri ya CR2032 ya volti 3 ichomelewe kwa nyaya badala ya ile ya ndani. Kazi hiyo yataka msasa mwembamba na mkono usiotetemeka.

Sun ilinunuliwa na Oracle mwaka 2010, lakini vitabu vya OpenBoot vingali katika intaneti, na NetBSD, mfumo wa ukoo wa Unix usiolipiwa, una maelezo mazuri kwa mashine za SPARC. Ukikosa kisomea CD, andika "boot net". Mashine hutangaza anwani yake ya Etheneti na kuuliza: mimi ni nani? Kompyuta ya pili yenye Linux huijibu kwa RARP, kwa mfano 192.168.1.10. Kisha huomba kwa TFTP faili lenye jina la namba hiyo hiyo katika kumi na sita: C0A8010A.SUN4M. Herufi ziwe kubwa, la sivyo halitaonekana. Mfumo wenyewe huletwa kwa NFS, hata neno "login:" litokee.

Ukimaliza usizime kwa swichi tu. Andika "halt", ngoja "ok" irudi, ndipo uzime.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne